Waliobaki Kikaoni

Nyumba alimozaliwa mama yangu, katika mtaa mmoja wa Mombasa, ni yetu kuanzia kuta hadi mabati. Ardhi iliyo chini yake si yetu. Watu wa Pwani hawahitaji maelezo hapo. Kwa wengine niseme tu kwamba mpango huu una jina lake, nyumba bila ardhi, na umedumu vizazi. Unajenga, unapanda mnazi, unazaa na kuozesha, na ukifika wakati wake unampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Babu alimjua mwenye ardhi kwa sura. Mama alimjua wakala wake. Mimi najua risiti tu.

Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza habari za Eigg, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi ya Uskoti, sikuhisi kwamba nasoma mambo ya Wazungu. Nilihisi kama naletewa umbea wa mtaa wa pili. Watu waliojenga, waliolima, waliozika wazee wao pale, na ambao hata ruhusa ya kubadilisha paa ilibidi waiombe kwa mtu aliyekaa mbali!

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na karibu kila msimulizi humalizia pale pale: tarehe 12 Juni 1997, siku wakazi wapatao 65 walipokuwa wenye kisiwa chao. Jiwe likasimamishwa, muziki ukapigwa, kamera zikapiga picha, mwisho. Mimi kinachonivuta ni kilichofuata. Wageni wakishapanda boti na kwenda zao, nani alibaki kufunga hesabu? Nani alikaa kikaoni, usiku, bila posho, kuamua ni jirani yupi apewe nyumba na ni yupi asubiri?

Lakini siwezi kufika huko bila kurudi nyuma kidogo.

Eigg ina kilomita za mraba kama 31, yaani ni zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Mombasa. Katikati ya upande wa kusini kuna mwamba mrefu wa mita 393, An Sgùrr, unaoonekana kutoka mbali baharini. Kwa karne nyingi kisiwa kilikuwa chini ya watemi wa ukoo wa Clanranald. Mwishoni mwa miaka ya 1820, wakiwa wamezama kwenye madeni, waliuza. Mnunuzi alikuwa daktari na profesa wa Aberdeen, Hugh MacPherson. Sensa ya 1841 ilihesabu watu 546.

Mwaka 1853 vijiji vya Grulin, chini ya ule mwamba, viliondolewa watu ili wawekwe kondoo. Familia 14. Wengi wao walipakiwa melini kwenda ng'ambo, Kanada. Nyumba moja iliachwa isimame kwa ajili ya mchungaji, na nyingine zimebaki misingi ya mawe mpaka leo. Wenye ardhi hawakuvunja sheria yoyote. Karatasi zao zilikuwa safi kabisa.

Baada ya hapo kisiwa kikawa kinapita mkono hadi mkono kama saa ya mfukoni. Kuna mmiliki aliyekuwa mfanyabiashara wa silaha. Kuna familia ya Runciman, matajiri wa meli, walioshika kuanzia 1925 hadi 1966, na wazee wa kisiwa waliwakumbuka kwa wema. Nawataja makusudi. Wasimulizi wengi hupenda kila mwenye ardhi awe jini, ilhali chini ya Runciman watu walipata kazi na nyumba zilitunzwa. Taabu ni kwamba wema wao haukuandikwa popote. Walipouza, hakuna aliyeweza kumdai mnunuzi mpya aendelee na wema huo.

Mwaka 1975 kisiwa kikanunuliwa na Keith Schellenberg, mfanyabiashara wa Yorkshire aliyewahi kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mwanzoni alileta watu, utalii na shamrashamra. Miaka ilivyokwenda, malalamiko yakaja kuwa yale yale ambayo mama yangu angeyasoma akatikisa kichwa: wakazi wengi hawakuwa na mikataba ya upangaji ya kueleweka, na bila mkataba hupati mkopo wala ruzuku ya kukarabati. Utatengenezaje paa la nyumba ambayo kesho unaweza kuambiwa uihame? Januari 1994 gari lake la Rolls-Royce la miaka ya 1920 liliungua moto likiwa bandani gatini. Aliyelichoma hajajulikana. Visiwa vina siri zake. Nasi wa Pwani tuyaache hayo.

Sasa, jambo moja ambalo huwa linapitwa haraka. Wadhamini wa kwanza wa Eigg hawakuwa watu wa Eigg. Mwaka 1991 watu wanne walianzisha chombo kilichoitwa Isle of Eigg Trust kwa shabaha ya kukinunua kisiwa na kukiweka katika amana kwa ajili ya wakazi. Mmoja wao alikuwa Alastair McIntosh, aliyekulia kisiwa cha Lewis, ambaye baadaye aliandika kitabu cha Soil and Soul. Hawakuwa na pesa za kutosha hata kukaribia bei. Na hakuna mkazi aliyewatuma. Fikiria watu wanne waje mtaani kwako, wakae kwenye baraza ya jirani, wakwambie: sisi ni wadhamini wa ardhi yako. Utacheka au utaita polisi.

Ila walifanya jambo ambalo ndilo lililowaokoa: waliwauliza wenyewe, wakasubiri jibu, na jambo lilipoiva wakawapisha. McIntosh ameeleza jinsi watu wa pale walivyoogopa mwanzoni. Anayeishi kwa hisani ya mwenye ardhi hasemi hadharani kwamba anamtaka aondoke. Kimya chao hakikuwa na maana kwamba wameridhika. Ni somo ambalo mashirika mengi yanayokuja Pwani na magari meupe hayajalipata. Huja kikao kimoja, hupiga picha ya watu wakinyoosha mikono, huandika kwamba jamii imekubali.

Mwaka 1995 Schellenberg aliuza. Mnunuzi safari hii alikuwa msanii wa Ujerumani aliyejiita Maruma, mwenye ahadi nyingi. Kisiwani alionekana siku chache tu. Ikabainika kwamba kisiwa kizima, pamoja na watu waliomo, kilikuwa kimewekwa rehani kwa mkopo, na mdai anataka chake. Mwaka 1996 kikarudi sokoni kwa bei ya pauni milioni 2.

Hapo ndipo wakazi walipoingia wazi. Waliunda ushirika wa pande tatu: chama cha wakazi wenyewe, Halmashauri ya Highland, na Scottish Wildlife Trust, shirika la kuhifadhi wanyamapori. Chombo kipya kikaitwa Isle of Eigg Heritage Trust. Michango ikamiminika kutoka kwa watu wapatao 10,000, bahasha kwa bahasha, na fedha za umma zikawa kidogo sana. Lakini tusidanganyane: bahasha peke yake zisingetosha. Nusu ya bei na zaidi ilitoka kwa mwanamke mmoja wa Uingereza ambaye mpaka leo jina lake halijatangazwa. Bei ya mwisho ilikuwa pauni milioni 1.5.

Nimefikiri sana juu ya mama huyu. Katika utaratibu wetu wa wakfu, mwenye kutoa huandika sharti: shamba hili mapato yake yaende msikiti fulani, nyumba hii wakae wajukuu wangu, na msimamizi awe mwanangu mkubwa kisha mwanawe. Mali hutoka mikononi mwa watu, haiuzwi wala hairithiwi, lakini sauti ya aliyetoa hubaki ndani yake miaka mia. Ni nguvu ya wakfu, na ni udhaifu wake pia, kwa kuwa wasimamizi wa kurithi wamekula wakfu nyingi kimya kimya. Mama wa Eigg hakuchukua kiti. Aliwaachia watu kisiwa, na pamoja nacho akawaachia uhuru wote wa kugombana.

Na huyo si wa kwanza huko Uskoti kutoa. Mwaka 1923 Lord Leverhulme, tajiri wa sabuni, aliyekuwa amenunua kisiwa kizima cha Lewis mwaka 1918, aliposhindwa na mipango yake aliwapa watu wa mji wa Stornoway ardhi yao. Stornoway Trust, yenye wadhamini wanaochaguliwa na wakazi, ipo hadi leo. Ni jambo la kusifiwa. Ila Leverhulme huyo huyo ndiye aliyekuwa na Huileries du Congo Belge, kampuni iliyopewa maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo mwaka 1911, na kazi katika michikichi ile ilikuwa ya kulazimishwa. Wakongo hawakupewa bodi ya wadhamini. Tajiri mmoja, ardhi mbili, daftari mbili.

Turudi Eigg, na bodi yake.

Viti vilikuwa hivi: wakazi wanne, halmashauri wawili, shirika la wanyamapori wawili, na mwenyekiti wa kutoka nje asiye wa upande wowote. Hesabu mwenyewe. Wanne kwa wanne, na mwenyekiti katikati. Nilipoona hesabu hiyo mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba yao. Ati watu wamepigania kisiwa miaka sita, halafu hawana hata wingi wa kura kwenye bodi yao?

Siku hizi siko mkali hivyo, na sababu si vitabu. Ni kwamba nimekaa miaka minne kwenye kamati ndogo ya madrasa mtaani, mimi katibu, na nimejua kinachotokea pale watu wanaoamua wote wanapokuwa mtu na shemejiye. Hakuna anayekataa. Ombi likija, kila mmoja anaangalia sakafu. Mtu akiomba chumba cha duka kwa kodi ya chini, unajua kabisa kwamba kesho asubuhi utakutana naye kwenye foleni ya mahamri. Mgeni mmoja kikaoni, mtu asiye na shangazi wala deni mtaani, anaweza kuuliza swali ambalo wewe huwezi. Kwa nini huyu? Kwa kigezo gani? Huyo mgeni ukimpa kura zote atakutawala. Ukimnyima kiti kabisa mtazungukana wenyewe. Eigg walimpa nusu. Sijui kama ni hesabu bora, ila sasa naielewa.

Na chini ya bodi kuna chama cha wakazi, na kila mkazi mtu mzima ana nafasi yake humo. Wajumbe wanaokwenda kwenye bodi huchaguliwa kutoka kwa wenzao, na kazi ya udhamini wanaifanya kwa kujitolea. Yule anayejadili bajeti ya mamilioni jioni ndiye aliyekuwa akihudumia mgahawa au kukata manyoya ya kondoo mchana. Kwa watu 65, hilo si mzaha. Ukiondoa watoto, wazee waliochoka na wale wasiopenda kabisa mikutano (wapo kila mahali), wanaobaki ni wachache mno. Hao hao ndio kamati ya shule, ndio wapokea feri, ndio wadhamini. Mtu anaweza kuchoshwa na uhuru.

Kazi zao za mwanzo hazikuwa za kishujaa. Kuwapa watu mikataba. Kukarabati nyumba. Mwaka 1998 likajengwa jengo pale gatini, An Laimhrig, lenye duka, posta na mgahawa wa chai. Watu wa nje waliokuja wakitarajia kuona mapinduzi waliona paa jipya. Kwangu mimi hayo ndiyo mapinduzi, lakini labda ni kwa sababu ya ile nyumba yetu.

Jambo linalonishangaza zaidi ni umeme. Eigg haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa, na waya wa chini ya bahari ulikuwa ghali kupita kiasi. Kila nyumba ilikuwa na jenereta lake la dizeli linalonguruma, na mafuta yaje kwa boti. Wakazi kupitia wakfu wao walitafuta fedha, kama pauni milioni 1.6, na tarehe 1 Februari 2008 wakawasha mtandao wao wenyewe, Eigg Electric: maji ya mito, mitambo minne ya upepo, paneli za jua, na benki ya betri. Sehemu kubwa ya umeme hutoka huko, na jenereta hukaa akiba.

Lakini umeme huo una mpaka. Nyumba isizidi kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Nyumba zote zina mpaka mmoja, ya mdhamini na ya asiye mdhamini, ya mwenye watoto sita na ya anayeishi peke yake. Ukiwasha birika la umeme, mashine ya kufulia na hita pamoja, ukipita mpaka, kwako kunazimika, mpaka mtu aje akurudishie. Wakati mvua ni haba na upepo umelala, watu huombwa wapunguze matumizi.

Hebu niambie, ni serikali gani ya kwetu ingethubutu kumwambia tajiri wa Nyali kwamba atumie umeme sawasawa na mama muuza mihogo? Hata Eigg yenyewe, angesema hivyo mwenye ardhi, wangemwita dikteta. Uamuzi ulikuwa mgumu na mtu angeweza kuuchukia. Ila aliyeuchukia alijua pa kwenda kulalamika, alijua siku ya kikao, na alijua kwamba anayemlalamikia naye jana usiku alichagua kati ya birika na hita.

Nisije nikaonekana nauza ndoto. Hamasa ya Eigg ilisaidia kuleta sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003, iliyozipa jamii za vijijini haki ya kwanza ya kununua ardhi inapouzwa, na kabla ya hapo, mwaka 2002, watu wa kisiwa cha Gigha walikuwa wamekwishanunua chao kwa pauni milioni 4. Gigha nao walijenga na kukarabati kwa bidii, idadi ya watu ikapanda, kisha wakfu wao ukajikuta kwenye madeni makubwa na wakazi wakashikana mashati, kwa maneno angalau. Hakukuwa na mwenye ardhi wa kumtupia lawama. Waliolaumiwa walikuwa majirani waliojitolea jioni zao. Nilisoma habari hizo nikiwa upande wa wadhamini, kabla hata sijajua kosa lilikuwa la nani. Ndivyo kamati inavyomfanya mtu.

Kwetu sisi, Kenya, mizizi ya jambo hili tunaijua. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ukanda wa Pwani walete madai yao yaandikwe. Walioelewa karatasi na waliokuwa karibu na ofisi walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima, hasa Wamijikenda, walijikuta maskwota mahali walipozikwa babu zao. Tofauti na Eigg ni kwamba kwetu mnunuzi na mwenyeji, mara nyingi, walisali msikiti mmoja au walinunua samaki soko moja.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii. Ndani yake kuna kifungu ambacho kingewafurahisha watu wa Eigg: jamii ikisajiliwa, mkutano wake mkuu unachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15 kuisimamia ardhi. Haigusi nyumba kama yetu, kwa sababu chini yetu tayari kuna hati ya mtu. Lakini mahali inapogusa, magazeti hushughulika na hati, na mheshimiwa akiikabidhi huku akitabasamu. Kuhusu wale 7 au 15 hutasikia kitu. Watapata wapi nauli ya kwenda kikaoni? Watafundishwa na nani kusoma hesabu? Mjumbe akigundua kwamba mwenzake ameshapokea bahasha ya mwekezaji, atamwambia nani, na atalala wapi usiku huo? Sheria imewapa madaraka na haikuwapa hata kalamu.

Leo Eigg ina wakazi zaidi ya 100. Vijana waliokwenda bara wamerudi baadhi, na wamejenga. Mwanahistoria wa kisiwa, Camille Dressler, naye mhamiaji aliyekaa miaka mingi, aliandika kitabu chake mwaka mmoja tu baada ya ununuzi. Natamani sehemu ya pili, iliyoandikwa kutoka ndani ya daftari la kumbukumbu za vikao: nani alihudhuria, nani alitoa udhuru, hoja gani iliahirishwa mara tatu. Kwangu hiyo ndiyo ingekuwa historia ya kisiwa.

Daftari letu la madrasa lina kurasa 61 zilizojaa. Ukurasa wa 9 na wa 10 zimelowa, maana tulikutana siku ya mvua na paa lilikuwa halijazibwa. Jumamosi tuna kikao baada ya alasiri. Ajenda ni nne, na ya tatu ni ya binamu yangu, anataka apunguziwe kodi ya duka. Nimemwandikia mzee mmoja wa mtaa wa pili, hatuna udugu naye, nikamwomba aje akae nasi.